Kwenu Wapi, Mwalimu?

Mombasa watu hawaanzi na jina lako, wanaanza na kwenu. "Wewe kwenu wapi?" Nikijibu Likoni, mtu anatabasamu, anangoja. Anajua, nami najua, kwamba Likoni si jibu. Kwenu ni pale babu yako alipozikwa, na babu yangu kazikwa Maragoli chini ya migomba, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa. Baba alikuja na gari moshi miaka ya themanini kutafuta kazi bandarini, akaipata, akakaa. Mimi nilizaliwa ng'ambo ya kivuko. Kuogelea nilijua kabla ya Kimaragoli, na hicho Kimaragoli hadi leo nakiongea kama mtalii. Lakini swali halijali hayo yote.

Sasa fikiria mtu kama huyu anapelekwa Mji wa Kale kufundisha Kiswahili. Mwaka wangu wa kwanza somo moja lilikuwa majina ya samaki. Kitabu kilikuwa na matatu. Kijana mmoja wa darasa la sita akainua mkono, akaanza: changu, tasi, tafi, kolekole, nguru, akaendelea hadi kengele ikalia, kama mtu anayetaja majirani zake. Siku ile nilijua kazi yangu haitakuwa kuwapa watoto hawa lugha. Wanayo. Kazi ni kuwasaidia kuipeleka mahali ambapo itawafaa: kwenye karatasi, kwenye fomu, kwenye afisi.

Na kweli nimeishia kuwa mtu wa fomu. Miaka tisa sasa. Fomu za basari za wadi najaza mimi, kwa sababu "Mwalimu anajua kuandika." Mabomba yakikauka na mtaa mzima ukabaki kungojea mikokoteni ya mitungi, barua ya kulalamika naandika mimi. Taka zikirundikana nyuma ya shule hadi darasa la mwisho likafunga madirisha mchana wa Februari, unajua mwenyewe joto la Februari, barua ni yangu tena. Barua zilipoanza kujibiwa, hata kama ni moja kati ya tano, watu wakaanza kuniita jina lingine. Kwanza ilikuwa mzaha, pale kwa muuza kahawa: "Mheshimiwa, kaa hapa." Mwaka jana mzaha ukaisha. Wazee wawili na kina mama sita walikuja shuleni baada ya masomo wakaniambia wazi: 2027 wanataka nigombee kiti cha MCA, wadi ya Mji wa Kale/Makadara.

Kwa rika langu neno "meya" liko kama "kaseti": tunalijua, hatulitumii. Lakini hadi uchaguzi wa Machi 2013 mji huu ulikuwa na meya. Hakuchaguliwa na sisi, alichaguliwa na madiwani wenzake. Najib Balala alikuwa meya kuanzia 1998 hadi 1999, kabla ya kuwa mbunge na waziri. Katiba ya 2010 ikaondoa mfumo huo. Sasa kuna gavana anayepigiwa kura na kila mtu, na bunge la kaunti lenye wawakilishi wa wadi 30. Mwalimu anayetaka kuwa na neno katika uendeshaji wa mji huu lazima aanzie chini kabisa, kwenye wadi.

Vijana wa barazani waliposikia, wakanitolea simu. Novemba 2025 Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala aliyehamia Marekani akiwa na miaka saba, alichaguliwa meya wa New York. "Mtu wa Kampala kachukua New York nzima," mmoja akaniambia, "wewe wa Likoni washindwa na Makadara?" Tulicheka sana. Lakini nilipofika nyumbani nilitaka kujua kama kuna mwalimu, mgeni, aliyewahi kupita njia hii hapa hapa kisiwani. Yuko. Jina lake limebandikwa kwenye barabara ya Nairobi ambayo watu huikanyaga kila siku bila kumfikiria: Ronald Ngala.

Wengi tunamjua Ngala wa KADU. Mimi nilimtafuta Ngala wa chaki. Mgiriama aliyezaliwa mapema miaka ya 1920 huko Kilifi, akasoma Kaloleni, Shimo la Tewa, Alliance, kisha Makerere, akarudi kufundisha. Mwaka 1949 alichapisha kitabu kidogo kwa Kiswahili, Nchi na Desturi za Wagiriama. Hebu lifikirie hilo. Kabla ya hotuba ya kwanza ya siasa, alikaa akaandika maelezo ya kwao ili watu wengine wapaelewe. Ni kazi ya mwalimu. Baada ya kuongoza shule ya Mbale huko Taita, aliletwa Mombasa kuwa mwalimu mkuu wa Buxton, pale karibu na daraja la Nyali, enzi daraja likiwa lile la kuelea. Akiwa mwalimu mjini akaingia katika baraza la ushauri la Waafrika, kisha katika bodi ya manispaa.

Jina lenyewe, baraza la ushauri, linasema yote. Mwafrika alikuwa na ruhusa ya kushauri, lakini si ya kuamua. Machi 1957 ulipofanyika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia baraza la kutunga sheria, kura zenyewe hazikuwa sawa: mtu aliyesoma au mwenye mali aliweza kuwa na hadi kura tatu, na jirani yake asiye na shule wala mali akakosa hata moja. Waliingia wanane. Ngala alitoka Pwani. Moi alikuwa mwalimu, Odinga alikuwa amefundisha, Muliro pia. Siasa za Kenya huru zilianza na watu waliozoea kusimama mbele ya ubao, na ukisikiliza wanasiasa wetu wanavyotukemea hadi leo, utadhani bado wanatusahihishia madaftari.

Kilichonikamata kwa Ngala lakini ni suala la ugeni. Hapa kisiwani, kwa watu wa mjini wa wakati ule, Mgiriama alikuwa mtu wa nje. Kulikuwa na jina walilowaita Mijikenda wote, jina la kuwakumbusha kwamba wametoka porini. Na wakati Ngala anapanda, Mji wa Kale ulikuwa na jambo lake: bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa bado inapepea Fort Jesus, na wapo wazee waliotaka Mwambao ujitawale, usiunganishwe na Kenya. Ngala alilipinga hilo. Kwa hivyo barazani alikuwa mgeni, tena mgeni mwenye msimamo usiopendwa. Lakini vuka lile daraja, nenda bara kidogo, mtu huyo huyo anakuwa kiongozi wa wenyeji, mtetezi wa Pwani dhidi ya watu wa kuja. Hakubadilisha shati wala lugha. Alivuka maji tu.

Na wenyeji wenyewe je? Waswahili wa Mombasa wanajiita Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili. Soma majina: Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza. Kila jina limebeba mahali pengine. Nilipomwambia hivyo mzee mmoja wa Kibokoni, nikiwa nimejiandaa kwa ubishi, alinitazama tu. "Mwanangu," akasema, "kwani nani kakwambia sisi tulimea hapa kama mbuyu? Sote twalikuja. Twauliza kwenu wapi ili tujue tukuzike na nani."

Sikuwa na jibu. Miaka yote nilikuwa nikilisikia lile swali kama mlango unaofungwa.

Lakini haliulizwi kwa upole kila mara, na hapa ndipo hadithi ya Ngala inanigusa pabaya. Mwaka 1960 yeye na wenzake waliunda KADU, chama cha jamii ndogo zilizoogopa kumezwa na kubwa. Dawa yao ilikuwa majimbo: kila eneo lijisimamie, lisiamuliwe yote na Nairobi. Mwaka 1961 aliongoza serikali kwa muda, kwa kuwa KANU iliyoshinda viti vingi ilikataa kuunda serikali Kenyatta akiwa kizuizini. Majimbo yakaandikwa katika katiba ya uhuru, na Ngala akawa rais wa jimbo la Pwani. Haikufika mbali. Novemba 1964 KADU ilivunjwa, majimbo yakafutwa, na mwalimu akaingia KANU, baadaye akawa waziri. Alifariki Desemba 1972 baada ya ajali ya barabarani.

Majimbo aliyoyatetea Ngala yalikuwa ngao ya mdogo. Siwezi kumlaumu kwa kutaka ngao. Ila miaka 25 baada ya kifo chake, neno lile lile lilikuwa mdomoni mwa watu waliobeba mapanga. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, silaha zikachukuliwa, na kwa wiki kadhaa watu wa bara walisakwa nyumba kwa nyumba. Waliouawa walizidi 100. Waliohama walikuwa maelfu kwa maelfu.

Nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka vitu vidogo. Mama alibeba sufuria kubwa ya ubwabwa ikiwa na ubwabwa bado ndani, kwa sababu ndicho alichokuwa amekishika. Nakumbuka jirani yetu Mdigo akitembea mbele yetu hadi kivukoni, akiongea kwa sauti kubwa kuhusu bei ya nazi, ili yeyote atakayetusikia asikie Kidigo kwanza. Tulikaa Maragoli karibu mwaka mzima. Baba aliporudi kazini tukarudi naye, na jirani alikuwa ametunza ufunguo. Mama hajawahi kulisimulia hili. Ukiliulizia, anaanza kuosha vyombo.

Sasa binti yake anataka kuomba kura.

Nina sababu, na haikutokana na vitabu. Mwaka 2023 kijana niliyemfundisha, tumwite Msomali-wa-jina-tu kwa sababu ndivyo wenzake walivyomtania, alifika miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho. Familia yake iko Mji wa Kale tangu kabla ya reli. Afisi moja ikamwambia alete vyeti vya babu. Akaleta cha baba. Wakamwambia babu. Kamati ya kumpiga msasa inakaa siku fulani, hiyo siku imepita, rudi mwezi ujao. Alirudi mara saba, na mimi nikaenda naye mara mbili. Mara ya pili karani alinitazama mimi, akatazama jina langu kwenye kitambulisho, akanikaribisha kiti. Kitambulisho changu nilikipata kwa wiki chache, bila swali hata moja kuhusu babu. Nilisimama pale, mtoto wa mtu aliyekuja na gari moshi, nikimdhamini mtu ambaye mababu zake wamezikwa hatua mia kutoka tulipokuwa.

Siku hiyo nilielewa kwamba mji huu una madaftari mawili ya wageni. Moja liko barazani, na humo nimo mimi. Lingine liko serikalini, na humo wamo wanafunzi wangu. Kila mmoja wetu ni mwenyeji katika daftari ambalo mwenzake ni mgeni. Wamakonde wa Kwale walilazimika kutembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa kuwa Wakenya. Mwaka 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba msasa wa vitambulisho kwa jamii za mpakani umekwisha. Tangazo ni jambo jema. Lakini tangazo linatoka juu, na anayekaa na kijana kwenye benchi la afisi saa mbili asubuhi ni mtu wa chini, wa wadi, kama yupo. Bila kitambulisho hakuna kura, hakuna laini ya simu, hakuna kazi bandarini. Daftari langu la darasani ndilo pekee ninalolijua lisilouliza lolote ila hili: upo leo, au hupo?

Ninapochoka na ya hapa, huwa nafikiria mji mmoja wa Uingereza, Leicester. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda, baraza la mji huo lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasiende huko, mji umejaa. Wakaenda. Walikuwa wamewatangulia Waasia wengine kutoka Kenya, watu waliouza vitambaa kwenye maduka ambayo bado tunayapita mjini. Mwaka 2008 mji huo huo ukampa vazi la Lord Mayor Manjula Sood, mzaliwa wa India aliyefika 1970 na kufundisha shule za msingi. Alikuwa mwanamke wa kwanza Mwasia kushika cheo hicho Uingereza. Cheo chenyewe ni cha heshima, si cha nguvu nyingi, na sijidanganyi kwamba mkufu wa dhahabu uliponya kila kitu. Ninachokiona ni miaka 36 kati ya tangazo na mkufu. Katikati hapo kulikuwa na mwalimu anayeita majina darasani kila asubuhi, na wazazi waliozoea kumwamini na watoto wao kabla hawajaombwa kumwamini na kura.

Huku kwetu imani hiyo inakuja na sababu zake. Niliwauliza wale kina mama kwa nini mimi, na si mtoto wa hapa. Nilitarajia kusifiwa bidii. Mmoja, muuza mahamri ambaye nimewafundisha watoto wake watatu, alinijibu bila kuzunguka: "Twakutaka kwa kuwa huna ukoo. Humu ndani kila mtu ni binamu wa mtu. Akisimama wa nyumba hii, nyumba ya pili wanuna miaka kumi. Wewe tukikukasirikia, hatuharibu arusi ya mtu." Na wakati huo huo, pale pale, babake mwanafunzi mwingine alisema asichokificha: "Leo mwalimu. Kesho mheshimiwa. Kesho kutwa awaleta wenzake wa bara, na sisi twahesabiwa kwa vidole." Hakuna aliyemnyamazisha. Nami sikutaka anyamazishwe. Ana haki ya kuogopa kumezwa. Ni hofu ile ile ya KADU, na kwa mtaa huu mdogo ni hofu yenye hesabu.

Kwa hiyo swali langu si kama naruhusiwa. Katiba inaniruhusu. Swali ni kama naweza kuwaomba watu wadogo kwa idadi waweke ngao yao mkononi mwa mtu wa nje. Jibu nililonalo kufikia leo ni dogo, na nimelisema barazani mbele ya yule baba: sitakuja kuwaambia sote ni Wakenya, sote ni sawa, maana hilo ni rahisi kulisema ukiwa umekaribishwa kiti. Nitakuja na orodha. Majina ya vijana wa wadi hii wasio na vitambulisho, kila mmoja na kilichomkwamisha. Tumeshaandika 41. Kila mwisho wa mwezi orodha itasomwa hapo barazani, na atakayetaka kunihukumu anihukumu kwa majina yaliyofutwa. Yule baba aliuliza kama jina la mpwa wake liko. Lilikuwa halipo. Akalitaja, nikaliandika, la 42.

Bado sijatangaza chochote, na siwezi: sheria inamtaka mtumishi wa umma ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya uchaguzi. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Maana yake kufikia mapema Februari mshahara wa mwalimu uwe umekwisha, pamoja na bima na mkopo wa chama cha akiba ambao bado naulipa.

Jumapili iliyopita nilivuka feri nikamweleza mama yote, hata ya Ngala. Alisikiliza. Hakuinuka kwenda kuosha vyombo.

"Na wakikukataa," akauliza, "watakurudisha kazini?"

"Hakuna anayeahidi hilo."

"Na wakikukubali, wale wengine wasiokutaka watafanyaje?"

"Sijui, mama. Labda watanipinga tu, kwa maneno."

Alikaa kimya, akitazama upande wa kivuko, ingawa kutoka kwake hakionekani. Halafu akaniuliza chama cha akiba kinakata riba ngapi. Nikamwambia. Akapiga hesabu kwa vidole, kama alivyokuwa akifanya baba alipokuwa hai na mshahara ukichelewa.

"Basi mwezi huu usinitumie pesa," akasema. "Anza kuweka."